Prosesa Ni Ileile, Kwa Nini Bei Si Ileile?

Anayeingia dukani Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kutafuta laptopu huulizwa kwanza: unataka i3, i5 au i7? Jibu lake ndilo huamua rafu atakayoelekezwa. Prosesa imekuwa jina la mashine nzima, kiasi kwamba mtu akiulizwa anatumia laptopu gani hujibu "natumia i5," na mazungumzo yakaishia hapo.

Utata huanza pale mashine mbili zenye stika ileile zinapowekwa pamoja. Chukua laptopu mbili za Lenovo za mwaka 2018, IdeaPad 330 na ThinkPad T480. Kampuni ni moja, zote mbili zilitoka na prosesa ya Intel Core i5-8250U, na zote unaweza kuzikuta na RAM ya GB 8. Hata hivyo zilipokuwa mpya zilitofautiana bei kwa mbali sana, na leo zikiwa zote mtumba bado wauzaji wanazitofautisha. Pembeni yake ipo nyingine mpya kabisa kwenye boksi, ya daraja la chini, inayouzwa zaidi ya hiyo ThinkPad iliyokwisha kutumika miaka kadhaa Ulaya. Mnunuzi anajiuliza ni nani anayemdanganya. Ukweli ni kwamba pengine hakuna anayedanganya. Bei hizo tatu zinapima vitu vitatu tofauti, na jina la prosesa peke yake haliwezi kuzieleza.

Chipu moja ndani ya mashine nyingi

Intel ilitoa i5-8250U mwezi Agosti 2017. Ina viini vinne na nyuzi nane za kazi, kasi ya msingi ya gigahezi 1.6 inayopanda hadi 3.4, na imepangiwa kutumia wati 15. Ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu i5-7200U iliyoitangulia ilikuwa na viini viwili tu. Hapa pana mtego wa kwanza: 7200U ina kasi ya msingi ya gigahezi 2.5, na hadi leo wapo wauzaji wanaosoma namba hiyo na kumhakikishia mteja kwamba ni kubwa kuliko 1.6, kwa hiyo mashine ya zamani ina nguvu zaidi. Kwenye kazi inayogawanyika kwa viini vyote, ni kinyume kabisa. Neno "i5" peke yake, bila namba zinazofuata, halitoshi kununulia chochote.

Lakini namba zote zikifanana hadi herufi ya mwisho, chipu ni ileile kweli. Hakuna i5-8250U ya ofisini na nyingine ya nyumbani. Iliyomo ndani ya IdeaPad 330 ndiyo iliyomo ndani ya ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490, Dell Inspiron 15 5570 na Acer Aspire E 15. Mashine za ofisi zilipatikana pia na i5-8350U, ndugu yake mwenye kasi kidogo zaidi na vifaa vya idara ya IT kuidhibiti kompyuta kutoka mbali, lakini mtumiaji wa kawaida hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Bei za wakati ule zinafundisha jambo. Kwenye orodha rasmi ya Intel, i5-8250U iliandikiwa dola 297. ThinkPad T480 ilipotangazwa Januari 2018 bei yake ilianzia dola 989. Acer Aspire E 15 yenye chipu hiyohiyo, pamoja na kadi ya picha ya Nvidia MX150, iliuzwa Marekani kwa dola 600 hivi. Kampuni kubwa hazilipi bei ya orodha, zina punguzo lake, lakini uwiano unabaki kuwa wa kweli. Katika mashine ya dola 600, prosesa inameza sehemu kubwa ya fedha yote iliyopo. Kinachobaki ndicho kinachonunua kioo, betri, feni, kibodi, bodi na bawaba. Lazima mahali fulani pabanwe.

Nani alikuwa mnunuzi wa kwanza

Mahali pa kubana huamuliwa na mtu anayelengwa kuuziwa. Laptopu ya daraja la chini hutengenezwa kwa ajili ya mnunuzi mmoja mmoja aliyesimama mbele ya rafu, mwenye dakika chache za kuamua. Anachoweza kulinganisha ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya bei: prosesa, RAM, ukubwa wa diski, inchi za kioo. Mtengenezaji mwenye akili huweka fedha kwenye hivyo vinne na kuziondoa kwenye visivyoandikwa. Hakuna karatasi ya bei inayosema bawaba imefungwa kwenye chuma au kwenye plastiki, wala RAM iko kwenye moduli moja au mbili.

Laptopu ya kazi ina mnunuzi mwingine kabisa. Ni benki, kampuni ya bima au idara ya serikali inayoagiza mashine elfu kwa mkupuo, kwa mpango wa kuzitumia miaka mitatu au minne. Afisa wa IT wa pale hajali sana kama kasi imeongezeka kwa asilimia kadhaa. Hofu yake ni mfanyakazi kukaa siku nzima bila kompyuta, na fundi kutumia saa nzima kubadili kibodi. Kwa hiyo anauliza: spea zitapatikana kwa miaka mingapi? Kifuniko kinafunguka kwa skrubu ngapi? Mashine nitakazoagiza mwakani zitakuwa sawa na hizi? Fedha ya ziada anayolipa inakwenda kujibu maswali hayo.

Ni muhimu kulishika jambo hili, kwa sababu soko letu la Afrika Mashariki linapokea mashine za makundi yote mawili bila kupokea mazingira yaliyozizaa. Makampuni ya Ulaya yakimaliza mikataba yao, mashine zinauzwa kwa jumla, nyingine zinapitia Dubai, nyingine zinakuja moja kwa moja, na Nairobi zinauzwa kwa jina la "ex-UK". Zile za daraja la chini hazitupwi kwa maelfu kwa wakati mmoja, kwa sababu hazikununuliwa kwa maelfu na mtu mmoja. Hii ndiyo sababu mtumba wa laptopu hapa umejaa ThinkPad, EliteBook na Latitude, na ndiyo sababu bei yake iko chini kuliko ubora wake unavyostahili.

Wanaosema: prosesa ikilingana, chukua ya bei ndogo

Hoja hii ina nguvu kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Kwa kazi za muda mfupi, yaani kufungua hati, kusoma barua pepe, kujaza jedwali la hesabu, kufungua kurasa za intaneti, i5-8250U hutoa matokeo yaleyale popote ilipofungwa. Ukihisi mashine moja ni nzito na nyingine nyepesi, mara nyingi sababu ni diski. Laptopu nyingi za daraja la chini za 2018 zilitoka na diski ya kuzunguka ya TB 1, yenye mizunguko 5400 kwa dakika. Ukiitoa ukaweka SSD, mashine inafufuka. Kazi hiyo fundi anaimaliza kwa muda mfupi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na pengo la bei lililokuwepo kati ya madaraja haya mawili.

Tena mashine ya bei ndogo huweza kumpita ndugu yake wa ofisini. Ile Aspire E 15 ilikuwa na MX150, wakati T480 nyingi zinategemea picha za Intel UHD 620 zilizomo ndani ya prosesa. Kwa kijana anayejifunza kuhariri video au michoro ya pande tatu, na pia anayetaka kucheza gemu, hilo lina maana. Aspire hiyo ilikuwa hata na mlango mdogo chini wa kufikia RAM na diski bila kuifungua mashine nzima. Kioo chake kilikuwa na rangi zilizofifia na uzito wake ulikaribia kilo mbili na nusu, lakini kwa anayeiweka mezani bila kuibeba, ilikuwa ni biashara nzuri kweli.

Udhaifu wa hoja hii hujitokeza kazi inaporefuka. Prosesa za laptopu hufanya kazi kwa ruhusa ya joto na umeme. Intel inaandika wati 15, lakini humwachia mtengenezaji kuchagua: i5-8250U inaweza kushushwa hadi wati 10 au kupandishwa hadi 25. Kazi nzito ikianza, chipu hupewa umeme mwingi kwa muda mfupi, kwa kawaida kama sekunde 28, kisha hurudishwa kwenye kiwango alichokiweka mtengenezaji. Mashine yenye bomba nene la shaba na feni nzuri inaweza kuwekewa kiwango cha juu na kukaa nacho. Yenye bomba jembamba na matundu ya hewa yanayozibwa na godoro itashushwa, au itajishusha yenyewe kujiokoa na joto. Kwenye jaribio la dakika moja zote mbili zitaonekana sawa. Kwenye kutoa video ya nusu saa ya harusi, mwenye studio ataona moja inamaliza na nyingine bado inahesabu asilimia.

RAM nayo ina siri yake. Prosesa hii ina njia mbili za kuzungumza na RAM. Ukiipa moduli moja ya GB 8, inatumia njia moja, na picha za UHD 620, zisizo na kumbukumbu yake zenyewe, hupungua kasi waziwazi. Moduli mbili za GB 4 zingekuwa bora kuliko moja ya 8. Hapa haki itendeke pande zote: T480 nyingi nazo zilitoka ofisini zikiwa na moduli moja. Tofauti ni kwamba T480 ina sloti mbili za kujaza, wakati laptopu nyingi za daraja la chini zina sehemu ya RAM iliyochomelewa kwenye bodi na sloti moja tu, nyingine hazina hata hiyo.

Wanaosema: mashine ya kazi, hata iwe mtumba

Kundi hili, ambalo mafundi wengi wamo, huwa na methali tayari: kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ushahidi wao mzuri kabisa uko kwenye bawaba, sehemu ambayo wanunuzi karibu wote hawaiangalii.

Fungua kifuniko cha laptopu ya bei ndogo iliyotumika miaka mitatu. Utakuta bawaba ya chuma, imara yenyewe, imefungwa kwa skrubu tatu au nne zinazoingia kwenye vijiti vidogo vya shaba nyeupe, na vijiti hivyo vimezamishwa kwenye plastiki ya kifuniko. Kila mara kioo kinapofunguliwa, nguvu yote inapita hapo. Grisi ya bawaba ikikauka, bawaba inakuwa ngumu, na mkono wa mtumiaji unavuta kwa nguvu zaidi. Chuma hakivunjiki. Plastiki ndiyo inayoanza kupasuka kuzunguka vile vijiti, kimoja kinang'oka, mzigo wake unahamia kwenye vilivyobaki, na siku moja kona ya mashine inafunguka na kutanuka. Mtumiaji akilazimisha, waya wa kioo unakatwa au kioo chenyewe kinapasuka. Prosesa ndani yake ni nzima, ina uwezo wa miaka mingine mingi, lakini mashine imekuwa ya mezani, imefungwa kwa gundi. Kwenye mashine nyingi za kazi, bawaba hukaa kwenye fremu ya chuma au ya magnesi, na nguvu ile haina plastiki ya kupasua.

Kibodi ni mfano mwingine. Katika laptopu nyingi za daraja la chini kibodi imeshikwa na vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Ikiharibika, ama ubadili sehemu yote ya juu, ama fundi avunje vichwa hivyo kimoja kimoja na kuirudishia kwa gundi. Kwenye T480 unalegeza skrubu mbili za chini, unaisukuma kibodi, inatoka. Chini yake ipo mifereji ya kupitisha maji yakimwagika. Betri zake ni mbili: ya ndani ya wati-saa 24, na ya nyuma inayochomolewa bila kuzima mashine, ambayo ilipatikana ya wati-saa 24, 48 au 72. Betri ya IdeaPad 330 ilikuwa ya wati-saa 30 hivi. Prosesa ni moja na ulaji wa umeme unakaribiana, kwa hiyo muda wa kukaa na chaji unaamuliwa na mtu aliyepanga ukubwa wa betri. Kwa mwenye kazi mahali umeme unapokatika mchana, hilo ni jambo la riziki.

Vitabu vya ukarabati vinapatikana kwa madaraja yote mawili, kwa hiyo hoja ya "ThinkPad ina manyuali" haina uzito mkubwa. Uzito uko kwenye wingi. Kwa kuwa aina chache za mashine za ofisi ziliingia kwa idadi kubwa, spea zake zimejaa, mpya na za kunyofoa kwenye mashine zilizokufa. IdeaPad moja na nyingine, hata zikifanana jina, zinaweza kutofautiana ndani, na fundi akahangaika wiki nzima kutafuta kifuniko kinachoingia.

Lakini kundi hili nalo lina mahali linapojipofusha. Jina la daraja si ahadi. ThinkPad X1 Carbon ya 2018 yenye i5-8250U ni ya hadhi ya juu kuliko T480, na RAM yake yote imechomelewa. T480s, ambayo wengi huichanganya na T480, ina sloti moja tu. Kampuni zenyewe zina ngazi ndani ya ngazi: ThinkPad E si T, ProBook si EliteBook, Latitude ya 3000 si ya 7000. Ile sifa ya kufaulu majaribio ya kijeshi ya MIL-STD-810 imepoteza makali pia, kwa sababu mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio ya kufanya, na siku hizi hata laptopu za bei ndogo zinaitangaza.

Kioo ndicho kinachovunja moyo zaidi. T480 ya msingi ilitoka na kioo cha pikseli 1366 kwa 768, hafifu, rangi zinabadilika ukiinamisha kichwa kidogo. Makampuni yaliyonunua kwa maelfu yalipenda kuokoa hapo, na mashine hizo ndizo zilizotufikia. Mtu anaweza kulipia mwili wa kifahari akapata kioo kibovu kuliko cha laptopu ya dukani ya wakati uleule. Tundu la USB-C la T480, linalotumika kuchajia, limechomelewa kwenye mazabodi, na likilegea linahitaji fundi wa bodi. Baadhi ya T480 zilikuwa pia na kasoro ya programu ya Thunderbolt iliyoweza kuliua tundu hilo, hadi Lenovo ikatoa sasisho la kuirekebisha, na mashine iliyopita mikono mitatu huenda haikuwahi kusasishwa. Laptopu nyingi za bei ndogo huchajiwa kupitia tundu la duara lililo kwenye waya mfupi wa kubadilishwa kwa fedha kidogo. Kwa hilo zimeishinda T480.

Kisha kuna kufuli. Mashine ya ofisi huweza kuja na nywila ya BIOS ambayo aliyeiweka yuko Manchester na hajulikani. Nyingine bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni, kiasi kwamba ukifuta Windows na kuiweka upya huku intaneti ikiwa imeunganishwa, skrini inadai akaunti ya mwajiri wa zamani. Muuzaji anayelikwepa dai hilo kwa kuisimika Windows bila intaneti anamwachia mnunuzi tatizo litakalorudi siku ya kuisimika tena. Hili ni baya kuliko bawaba, kwa sababu bawaba inatengenezeka.

Wanaosema: bora mpya yenye waranti

Kundi la tatu linasema mtumba ni mbuzi kwenye gunia, na si la kupuuzwa. Betri ya mashine ya 2018, kama ni ileile, imechoka. Betri za kununua mitaani ni nyingi na bandia ni nyingi vilevile. Mashine mpya ina betri mpya, kioo ambacho hakijachunwa, na duka la kurudia ikizingua mwaka wa kwanza. Kwa ofisi inayohitaji risiti na utaratibu wa manunuzi, wakati mwingine hakuna njia nyingine.

Tena suala la Windows limebadilisha hesabu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na muda wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida umewekewa mwisho Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane, isipokuwa chache mno za kabla yake. Maana yake i5-8250U, ambayo ni ya kizazi hicho, imeingia mlangoni ikiwa ya mwisho kabisa, na EliteBook 840 G3 zilizojaa madukani, zenye prosesa za kizazi cha sita, zimebaki nje hata kama mwili wake ni imara. Muuzaji anaweza kuisimika Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine hizo, lakini Microsoft haizitambui wala haiahidi kuzisasisha.

Udhaifu wa kundi hili ni bei. Fedha inayonunua T480 iliyotunzwa, ukiipeleka kwenye mpya, mara nyingi inakupa Celeron kama N4020: viini viwili, nyuzi mbili, RAM ya GB 4 iliyochomelewa, na hifadhi ya eMMC ya GB 64 ambayo Windows yenyewe inaimaliza nusu. Hiyo ni mashine mpya iliyozaliwa imechoka. Ukitaka mpya yenye prosesa ya kutosha unapanda ngazi, na ukipanda unarudi kwenye swali letu la mwanzo. Intel i5-1235U ya 2022, kwa mfano, imo ndani ya Dell Inspiron 15 3520 na pia ndani ya Latitude 5430. Na hapa tofauti ya mwili imekuwa na maana zaidi kuliko 2018, kwa sababu chipu hii, yenye viini kumi, imepangiwa wati 15 lakini inaruhusiwa kupanda hadi 55. Kadiri nafasi kati ya namba hizo mbili inavyopanuka, ndivyo feni na bomba la shaba vinavyoamua ni sehemu gani ya prosesa utaipata kweli. Anayelinganisha laptopu mpya kwa jina la prosesa peke yake leo anakosea zaidi ya aliyefanya hivyo miaka minane iliyopita.

Kupima kwa kazi, si kwa stika

Mwanafunzi wa chuo anayebeba laptopu kila siku kwenye begi na kuifungua mara ishirini kwa siku, mashine ya kazi iliyotumika ndiyo inayomfaa, kwa masharti mawili: prosesa isiwe chini ya kizazi cha nane, na kioo kiwe cha pikseli 1920 kwa 1080. Sharti la pili ndilo linalosahaulika, na macho yake ndiyo yatakayolipa.

Mwenye duka anayeiweka mashine juu ya kaunta, imechomekwa umeme muda wote, kwa ankara na hesabu, hana sababu ya kulipia bawaba na betri kubwa. Ya bei ndogo yenye prosesa hiyohiyo na SSD itamtosha, hasa ikiwa na kioo cha inchi 15.6. Mhariri wa video aangalie kadi ya picha na upoozaji kabla ya jina la daraja, na aombe kuifanyisha mashine kazi nzito kwa dakika kumi na tano pale dukani huku akisikiliza feni na kuangalia kasi inashukia wapi.

Shule au taasisi ndogo inayoanzisha maabara ya kompyuta iko kwenye hali ya pekee, na hapa sioni hoja ya kushindana na mashine za kazi zilizotumika. Arobaini za aina moja maana yake ni chaja za aina moja, kibodi za aina moja, na tano zitakazokufa zitalisha spea thelathini na tano zilizobaki. Laptopu arobaini mpya za bei ndogo, zilizonunuliwa kwa awamu mbili, zinaweza kuwa za aina mbili au tatu ndani hata kama nje zinafanana. Kinachotakiwa ni mkataba unaomlazimisha muuzaji kuthibitisha kwamba hakuna nywila ya BIOS wala usajili wa kampuni ya zamani, kila moja iwashwe na kusimikwa Windows ikiwa kwenye intaneti kabla ya malipo ya mwisho.

Na mnunuzi wa mtumba, awe nani, ana amri moja ya kuandika kabla hajatoa fedha. Ndani ya Windows afungue dirisha la amri aandike powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ripoti inayoonesha betri ilipokuwa mpya ilibeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, bei ya betri mpya ipunguzwe palepale kwenye bei ya mashine. Kisha aizime, aiwashe tena na kuingia kwenye BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, aiache mezani. Mwisho afungue na kufunga kioo polepole akiwa ameshika kona zote mbili, asikilize kama kuna mlio wa plastiki, na aangalie kama kona zinatanuka.

Kwa i5-8250U yenyewe, iwe ndani ya IdeaPad au ya ThinkPad, umri uliobaki ni mmoja. Microsoft ikisogeza kiwango kizazi kimoja mbele, zote zitatoka kwenye orodha siku ileile, na mtumiaji atabaki na Linux au na mashine isiyosasishwa. Kwa sababu hiyo mtumba wa kizazi cha nane ununuliwe leo kwa bei ya mtumba kweli, na anayedaiwa bei inayokaribia mashine ya kizazi cha kumi na moja au cha kumi na mbili ya ofisi aongeze kidogo achukue hiyo.